MAFUTA KATIKA MAFUTA
Uhakiki wa lugha ya kipimo katika maelekezo ya injini za mipigo miwili

Imekuwa desturi yetu sisi tunaoshughulika na istilahi kuyapa maneno makubwa siku nyingi na maneno madogo dakika chache. Istilahi ya sheria au ya uchumi huundiwa kikao, hubishaniwa, huahirishwa, na huletwa tena. Lakini maneno yanayobandikwa juu ya mfuniko wa tangi la petroli hupitishwa upesi, kwa kudhani kwamba kila mtu anajua maana yake. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki karatasi moja ya maelekezo ya aina hiyo, na hatuwezi kuihakiki bila kujihakiki wenyewe, kwa kuwa ilipita mikononi mwetu nasi hatukuizuia.

Karatasi hiyo ni ya ukurasa mmoja. Imekusudiwa wavuvi wanaotumia mashine za boti za mipigo miwili, nayo inaeleza namna ya kuchanganya petroli na oili kabla ya kutia katika tangi. Iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, ikafasiriwa, kisha ikaletwa kwetu tuitazame lugha. Tulisahihisha nukta, mikato na upatanisho wa ngeli mahali pawili, tukairudisha. Sentensi zake muhimu zilikuwa hizi: “Changanya mafuta na mafuta ya injini kwa uwiano wa 1:50. Kwa injini inayovunjwa tumia mchanganyiko tajiri zaidi. Mafuta yakipungua injini itaharibika.”

Miezi michache baadaye karatasi ile ilirudi mezani kwetu, safari hii ikiwa imeambatana na barua ya bwana samaki mmoja. Alikuwa amewapa watu watatu wa mwaloni kwake, wote wanaojua kusoma vizuri, akamwomba kila mmoja aonyeshe kiasi cha oili cha kutia katika dumu la petroli la lita 20. Wa kwanza alipima mililita 400. Wa pili alipima lita moja na nusu. Wa tatu hakupima kitu, bali aliuliza: “Mafuta yapi yaingie katika mafuta yapi?” Bwana samaki hakuandika maneno makali. Aliuliza tu ni yupi kati ya watu hao aliyesoma vibaya.

Jibu letu ni kwamba hapana aliyesoma vibaya. Walisoma kilichoandikwa. Yafaa basi tueleze kilichoandikwa kina kasoro gani, moja baada ya nyingine, kwa maana kasoro hizo haziko katika karatasi hii peke yake.

1. Jambo lenyewe

Mfasiri asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua ni neno gani likikosewa litaleta hasara, kwa hiyo tuanze na injini. Katika injini ya mipigo minne oili hukaa mahali pake, chini ya krenki, na petroli hupita njia nyingine. Vitu hivyo viwili havikutani. Katika injini ndogo za kawaida za mipigo miwili, ambazo muundo wake unatokana na kazi ya Mwingereza Joseph Day mwishoni mwa karne ya 19, mambo ni tofauti. Hewa na petroli huingia kwanza katika chumba cha krenki, kisha husukumwa kwenda katika silinda. Kwa kuwa petroli inapita humo, oili haiwezi kuwekwa humo ikatulia. Ndiyo maana oili huchanganywa na petroli yenyewe: hupita pamoja nayo, hulainisha beringi, pistoni na kuta za silinda njiani, kisha huungua pamoja nayo.

Kutokana na hayo, kipimo cha oili ndicho uhai wa injini. Ikipungua mno, chuma husuguana na chuma, pistoni hupata joto, hukwama katika silinda, na injini hunoki. Ikizidi mno, moshi huwa mwingi, plagi huchafuka, masizi huziba njia ya ekzosi, na injini hukosa nguvu au hukataa kuwaka. Yule aliyepima lita moja na nusu asingeua injini siku hiyo, lakini angeweza kuzimikiwa mbali na nchi kavu, na mtu aliye baharini au ziwani upepo ukivuma haoni tofauti kubwa kati ya injini iliyokufa na injini iliyokataa kuwaka.

2. Neno “mafuta”

Kasoro ya kwanza, na kubwa kuliko zote, iko katika neno ambalo hatukulitilia shaka hata kidogo. Kiswahili hutumia neno “mafuta” kwa petroli, kwa dizeli, kwa oili, kwa mafuta ya kupikia na kwa mafuta ya kujipaka. Si upungufu wa lugha. Wazee wetu walilitumia neno hilo kama jina la jumla, na kila walipotaka kutenga walitenga: mafuta ya nazi, mafuta ya uto, mafuta ya taa, mafuta ya sifa ya kupaka vyombo vya baharini. Hapana nahodha aliyemwagiza mtu akalete “mafuta” tu ya kupaka mashua, akategemea kuletewa sifa. Lugha ilikwisha kutoa kanuni. Sisi ndio tulioivunja.

Kiingereza kina maneno mawili yaliyo mbali kabisa, moja la kitu kinachochomwa na jingine la kitu kinacholainisha. Mfasiri aliyatazama yote mawili, akaona yote yanaitwa “mafuta”, akaandika “mafuta na mafuta ya injini”. Yeye alidhani amekwisha kutenga. Lakini petroli nayo ni mafuta ya injini, kwa kuwa injini ndiyo inayoyatumia. Msomaji wa tatu aliyeuliza “yapi katika yapi” aliifahamu sentensi ile kuliko sisi tuliyoipitisha.

Hatari huongezeka katika sentensi ya mwisho: “Mafuta yakipungua injini itaharibika.” Mvuvi ajuaye kwamba petroli ikipungua injini huzimika tu, bila kuharibika, ataona onyo hilo limetiwa chumvi, naye atalipuuza. Onyo la oili limesomwa kama onyo la petroli, na hivyo limepoteza nguvu yake yote. Kadhalika, zipo injini za mipigo miwili zenye matangi mawili, moja la petroli na moja la oili, ambazo huchanganya zenyewe. Katika injini hizo maneno “tangi la mafuta” yanaweza kumwelekeza mtu kutia petroli panapotakiwa oili.

Mafundi wamekwisha kulitatua jambo hili zamani. Husema “petroli” na husema “oili”, nao hawakosani. Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu hawalipendi neno “oili” kwa sababu ni la mkopo, nao hupendekeza “kilainishi” au “mafuta ya kulainisha”. Tunalo la kuwajibu. Kwanza, “petroli” nayo ni ya mkopo, wala hapana anayeilalamikia. Pili, “kilainishi” ni jina la jamii nzima, na grisi imo ndani yake. Neno hilo linafaa sana katika kanuni za biashara na nyaraka za serikali, ambamo oili na grisi hutajwa pamoja. Juu ya dumu halifai, kwa sababu hapana mtu anayepaswa kutia grisi katika petroli. Istilahi nzuri ni ile inayotenga pale panapotakiwa kutengwa, hata kama asili yake ni ya mbali.

3. “Mipigo”, “mizunguko” na “viharusi”

Karatasi ile ilitumia “injini ya mipigo miwili” katika kichwa chake, nasi tunaunga mkono. Lakini katika aya ya pili iliandikwa “injini ya mizunguko miwili”, na katika maandiko mengine tumekwisha kukuta “viharusi viwili”.

Kuhusu “viharusi” hatuna haja ya kusema mengi. Kiharusi ni maradhi. Mfasiri amefungua kamusi, amekuta neno moja la Kiingereza lenye maana nyingi, akachukua maana ya hospitali akaipeleka gereji. Ama “mizunguko miwili” ni kosa lililojificha zaidi, kwa sababu linasikika kama la kitaalamu. Mpigo ni mwendo mmoja wa pistoni, kupanda au kushuka. Krenki ikizunguka mara moja pistoni hupanda na kushuka, yaani hupiga mara mbili. Kwa hiyo injini ya mipigo miwili humaliza kazi yake katika mzunguko mmoja, na ile inayohitaji mizunguko miwili ni injini ya mipigo minne. Anayeandika “injini ya mizunguko miwili” ameitaja injini nyingine kabisa, ile ambayo mtu haruhusiwi kuchanganya oili katika petroli yake.

4. “Uwiano wa 1:50”

Neno “uwiano” ni sahihi, na walimu wa hisabati wanalijua. Hatulikatai. Tunasema tu kwamba uwiano ni habari iliyo nusu mpaka vitajwe vitu vinavyowiana, na kwa mpangilio. Vitabu vingine vya injini huandika 1:50, vingine huandika 50:1, na vyote husema jambo moja. Msomaji atajuaje, ikiwa vitu vyenyewe vyote viwili vinaitwa mafuta?

Kuna jambo la pili ambalo hatukulifikiria kabla ya barua ya bwana samaki. Alama ya nukta mbili kati ya tarakimu si alama ya kila mtu. Msomaji wa pili aliona 1:50 akasoma moja na hamsini katika mia, yaani moja na nusu, kama mtu asomavyo bei au kipimo cha kitambaa. Alipewa dumu la lita, akapima lita moja na nusu. Hesabu yake haikuwa na kosa. Alama ndiyo iliyomsaliti.

Hapa yafaa tukiri kwamba si kila tofauti ya maneno ni jambo la kupigania. Katika rasimu zetu tulibishana iwapo iandikwe “sehemu 1 kwa sehemu 50” au “sehemu 1 katika sehemu 50”. Ni kweli kwamba maana hizo si moja: ya kwanza inaleta jumla ya sehemu 51, na ya pili jumla ya 50. Lakini katika lita 20 za petroli tofauti yake ni mililita 8 hivi, ambayo injini haiwezi kuihisi. Kwa dawa au saruji, ambako uwiano huweza kuwa 1 kwa 4, tofauti hiyo hiyo ni kubwa, na mwandishi hana budi kuchagua. Mhakiki apaswa kujua ni wapi pa kukaza kamba na ni wapi pa kulegeza. Sisi tulikaza penye “kwa” na “katika”, tukalegeza penye “mafuta”.

5. “Tajiri” na “kuvunjwa”

Mchanganyiko hauwezi kuwa tajiri. Neno hilo limechukuliwa kutoka katika usemi wa Kiingereza likahamishwa kama lilivyo. Wenzetu wengine huandika “mzito”, nalo ni bora kidogo, lakini bado halijasema mzito kwa kitu gani. Katika injini hizi iko michanganyiko miwili, wala si mmoja. Upo wa oili na petroli, ambao mvuvi huufanya katika dumu. Na upo wa petroli na hewa, ambao kabureta huufanya yenyewe. Tena, oili ikiongezwa katika dumu bila kabureta kurekebishwa, petroli inayopita katika tundu lake hupungua kidogo, kwa kuwa oili imechukua nafasi. Mchanganyiko ule wa kwanza ukiwa “tajiri” zaidi, ule wa pili huwa maskini zaidi. Fundi akiambiwa “ni tajiri mno” ataishika kabureta, kumbe kosa liko katika dumu. Lugha iliyo wazi haina haja ya tajiri wala maskini: “oili nyingi zaidi”, “petroli chache zaidi”, basi.

Na “injini inayovunjwa”? Mfasiri alikusudia injini mpya ambayo bado inazoeshwa kazi, ambayo watengenezaji wengi huagiza ipewe oili zaidi kwa saa zake za kwanza. Mvuvi yeyote akisoma kwamba injini inavunjwa ataelewa kuwa inabomolewa ipate vipuri. “Injini mpya katika saa zake za mwanzo” ni maneno marefu kidogo, lakini hayavunji kitu.

6. Sharti lililoachwa, na galoni isiyojulikana

Kasoro mbili za mwisho hazitokani na neno lililochaguliwa vibaya, bali na neno lililoachwa.

Kipimo cha oili si mali ya lugha wala ya nchi; ni mali ya injini na ya oili yenyewe. Gari la Trabant la Ujerumani Mashariki lilitumia sehemu 1 kwa 33, kisha katika miaka ya 1970 likahamia 1 kwa 50. Kampuni ya STIHL katika vitabu vingi vya misumeno yake ya mnyororo huagiza 1 kwa 50 kwa oili yake yenyewe, na 1 kwa 25 kwa oili ya aina nyingine ya injini za mipigo miwili. Neno “ikiwa” katika agizo la namna hiyo lina uzito kuliko tarakimu. Mfasiri akiliacha ili kufupisha, amempa mwenye oili nyingine nusu ya kipimo alichoagizwa. Hali kadhalika alama za aina za oili, kama TC-W3 ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji na JASO FD inayohusu injini zinazopozwa kwa hewa, zisifasiriwe wala zisiachwe. Ndizo anazopaswa mnunuzi kuzitafuta juu ya chupa. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi anayepuliza salfa kwa mashine ya mgongoni, na mvuvi mwenye mashine ya boti, wote wana injini za mipigo miwili, lakini oili ya mmoja si lazima iwe ya mwingine.

Ama galoni, ni kipimo kinachodanganya. Galoni ya Uingereza ni lita 4.5 na kidogo. Ya Marekani haifiki lita 3.8, na katika maduka yetu mtu akitaja galoni mara nyingi ana maana ya dumu la lita 5. Chupa za Marekani huandika aunsi 2.6 kwa galoni, ambayo ni 1 kwa 50 hivi. Aunsi hizo ni mililita 77. Zikitiwa katika dumu la lita 5, kipimo kinakuwa 1 kwa 65, na oili imepungua kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Neno “galoni” limefasiriwa bila kosa lolote la kamusi, na injini imepungukiwa.

7. Mapendekezo

Tunapendekeza, kwa kazi zote za aina hii:

(a) “Mafuta” lisitumike peke yake popote panapohusika vitu viwili. Iandikwe petroli, na iandikwe oili.
(b) “Injini ya mipigo miwili” na “injini ya mipigo minne” yashikwe. “Mizunguko” na “viharusi” yaachwe.
(c) “Kilainishi” libaki kuwa jina la jumla la oili, grisi na vinginevyo.
(d) “Petroli iliyochanganywa” iwe jina la kilichomo katika dumu; “mchanganyiko wa hewa” iwe jina la kinachofanywa na kabureta.
(e) Uwiano uandikwe kwa maneno, na daima ufuatiwe na mililita kwa lita.

Kwa kufuata hayo, maelekezo yale tumeyaandika upya hivi:

“Tumia petroli na oili ya injini za mipigo miwili yenye alama TC-W3. Usitumie oili ya injini za mipigo minne. Pima sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita 1 ya petroli. Lita 5 za petroli zitiwe oili mililita 100. Lita 10, mililita 200. Lita 20, mililita 400. Pima oili kwa chombo chenye alama za mililita. Usikisie kwa kizibo wala kwa kopo. Tia nusu ya petroli katika dumu safi, mimina oili yote, funga, tikisa. Kisha ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Fanya kazi hii mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Ikiwa injini ni mpya, fuata kipimo kilichoandikwa katika kitabu chake kwa saa za mwanzo. Oili ikiwa chache, pistoni itakwama na injini itanoki.”

Maelekezo haya ni marefu zaidi ya yale ya kwanza, na huenda mpiga chapa akalalamika kwamba karatasi haitoshi. Tutamwomba apunguze picha ya kampuni.

Karatasi mpya ilipelekwa kwa bwana samaki yule yule, naye akawapa wasomaji watatu wengine wasioiona ile ya zamani. Wote walipima mililita 400. Mmoja wao aliuliza swali, nalo tunaliandika hapa kwa sababu hatukuwa na jibu lake katika karatasi: petroli iliyochanganywa ikikaa siku nyingi itikiswe tena kabla ya kutumika? Ndiyo, itikiswe. Sentensi hiyo nayo imeongezwa.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Tunawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wa ugani wasituletee maneno makubwa peke yake. Watuletee na karatasi ndogo: za dawa za mifugo, za pampu, za majiko ya gesi. Tena, kabla ya kutuletea, wampe mtu mmoja atakayezitumia, wamwombe apime. Atakachouliza ndicho kilichopungua.